Hakuwa Kazini

Kamera ya manispaa iliyokaa juu ya nguzo ilimwona Letisia Nkwabi akipanda kilima, ikageuza shingo na kutazama ukuta. Kila kamera ya Mwanza ilimfanyia hivyo. Mwanzoni, alipopachikwa duara, chombo kidogo cha kinga, chini ya mtulinga wake, aliona fahari, akajihisi bibi harusi ambaye watu wanainamisha macho akipita. Fahari ile ilikuwa imekwisha zamani, na wiki hizi ilikuwa imegeuka kichefuchefu.

"Anakuja huyo! Mwuaji wa kwenye kiti!"

Mayu Holo alikwisha kumwona, na macho ya Mayu Holo hayakufungwa na mkataba wowote. Mama huyo alikaa palepale alipokaa tangu mazishi ya bintiye, nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa barabarani mbele ya lango la Shirika la Mizani ya Ziwa. Mstari uliwekwa ili wananchi wajue mwisho wao. Ndani ya hatua kumi za mtumishi mwenye duara, ardhi ilihesabika kuwa ya Shirika. Polisi wa nchi hakuwa na la kusema humo, droni hazikuingia, kamera hazikurekodi, na aliyemgusa mtumishi alibebwa na walinzi wa Shirika wenyewe, akapelekwa mahali ambapo hakuna hakimu wala wakili. Na duara lilitembea na mwenyewe: sokoni, kanisani, hata msalani. Kwa hiyo Mayu Holo hakuusogelea mstari. Alitumia silaha aliyobakiziwa, yaani mdomo.

"Mwanangu kamwagika damu mbele ya wanywa soda, na wewe unakuja kazini umepaka wanja! Wewe ulizaliwa kweli, au uliokotwa?"

"Shikamoo, Mayu," Letisia akasema, akimwita mama kwa Kisukuma. Alikulia Magu, na salamu kwa mtu mzima ilimtoka yenyewe.

"Shikamoo yako kampe huyo daktari wako."

Konstebo kijana wa serikali aliyepangwa pale kulinda amani alijifanya hamnazo, akaangalia viatu vyake. Ndani ya lango, mlinzi wa Shirika alicheka. Letisia alimchukia kwa kicheko kile, kisha akajichukia mwenyewe kwa kuona nafuu kwamba lango limefungwa nyuma yake.

Ofisini mwake alimkuta huyo daktari mwenyewe. Dokta Evarist Niyonkuru alikuwa daktari wa maji, si wa watu. Alipima vina vya ziwa, akafunga pampu za wakubwa waliokuwa wakinyonya maji kwa kificho, na kwa kazi hiyo nchi tano zilimchukia kwa kiwango kilekile. Ndevu zilikuwa zimemwota ovyo. Alikalia kiti cha wageni kwa ukingo tu, kama mtu anayengoja basi.

"Ni leo?" akauliza.

"Kabla ya adhuhuri. Mahakama imeuliza swali lake."

Swali lilikuwa moja siku zote. Mahakama ya nchi haikuruhusiwa kumwuliza mtumishi wa Shirika alifanya nini, wala kwa nini. Iliruhusiwa kuuliza kama alikuwa kazini. Akiwa kazini, kinga ilimfunika na kesi ilifia hapo. Asipokuwa kazini, alikuwa raia kama muuza nyanya. Jibu lilitolewa na Afisa wa Kinga peke yake, kwa mdomo wake, na hakuna aliyeweza kulitengua, hata Katibu Mkuu. Waliotunga mkataba waliwaogopa mabosi kuliko walivyowaogopa wahalifu, jambo ambalo kwa kweli halikuwa upumbavu. Na Afisa wa Kinga, kwa miaka saba sasa, alikuwa Letisia.

"Sema kazini," Niyonkuru alisema. "Ndivyo nilivyokwambia siku ile, na ndivyo ulivyopokea."

"Siku ile ulikuwa unakula samaki, Evarist."

"Na wewe ulijua. Ulisikia mafuta yakichemka."

Alikuwa amesikia. Alisikia na zaidi ya hapo.

Ilikuwa Jumamosi, saa ya chakula cha mchana. Niyonkuru alikuwa Kirumba, kwenye banda la Minza, binti wa Mayu Holo, ambaye sato wake wa kukaanga alijulikana mji mzima. Siku ya mapumziko mtumishi alitakiwa kuiomba ofisi imzimie duara. Hakuna aliyeomba. Kuliwasha tena kulihitaji maombi na maelezo, basi wote walilala nalo, wakaoga nalo, wakaenda nalo harusini, na ofisi ikavaa miwani ya mbao. Siku hiyo mlango wa kioo wa friji la soda ulipasuka, kipande kikamkata Minza pajani, ndani, pale penye mshipa mkubwa. Watu walipiga kelele. Niyonkuru alipiga magoti, akakandamiza ngumi yake kwenye jeraha, na damu ikapungua. Hilo alilifanya, na mashahidi wote walilisema.

Droni ya wagonjwa ilifika upesi. Ilishuka juu ya ufuo na machela yake ikiwa wazi, kisha ikasimama hewani, hatua kumi kamili, ikasema kwa sauti laini ya kike: "Naomba ruhusa ya kuingia ardhi ya Shirika."

Wateja hawakuelewa. Walimwinua Minza wakambeba kuifuata, na Niyonkuru, ngumi yake ikiwa bado jerahani, akaenda nao. Droni ikarudi nyuma. Wakakaza mwendo, nayo ikakaza, kwa adabu ileile, umbali uleule, ikiomba ruhusa ileile. Waliizungusha banda zima hadi mmoja wao alipoanza kuirushia viatu huku akilia. Dawa ilikuwa mbele yao na aliyeifukuza alikuwa katikati yao, akimshikilia mgonjwa asife.

Ndipo Niyonkuru alipompigia simu Letisia, aliyekuwa zamu ofisini, simu ikiwa imebanwa begani, na Letisia akauliza alichotakiwa kuuliza kabla ya yote: "Uko kazini?"

Angesema hapana, Letisia angebonyeza kitufe kimoja mezani pake na duara lingekufa. Akisema ndiyo, ruhusa ilikuwa ya Katibu Mkuu tu, na Katibu Mkuu alikuwa amejifungia na mawaziri.

"Niko kazini," Niyonkuru alisema. Nyuma yake sufuria la mafuta liliendelea kuchemka bila mtu, redio iliimba, na sauti ya mwanamke, ya chini lakini iliyotulia, ilisema: "Nibebeni tu kwa miguu, jamani. Hospitali si mbali."

Letisia alijua kwamba ameambiwa uongo. Ulikuwa uongo wa kawaida ya ofisi, aliokwisha kuupokea kwa mwendo kasi, kwa ulevi, kwa mambo ya vyumba vya wageni, kila mara kwa sauti hiyohiyo ya kikazi. Kuupokea kulikuwa uungwana baina yao. Kuukataa kulikuwa kumchoma mwenzako. "Sawa," alijibu, akaenda kugonga mlango wa mkutano. Mlinzi akamwambia angoje, naye akangoja. Katibu Mkuu alipotoka na kusema naruhusu, Minza alikuwa amekwisha kukata roho.

"Ungebonyeza," Niyonkuru alisema sasa.

"Ungesema."

"Ningesema, ningevuliwa duara kwa kuwa nalo siku ya mapumziko, nirudishwe kwetu. Kule yupo mkubwa mmoja niliyemfungia pampu. Unajua ananisubiri na nini."

"Najua. Nijibu hili tu. Banda lilijaa watu. Hukufikiria kumwambia mmoja, shika hapa, halafu wewe ukaondoka mbio?"

Daktari wa maji aliitazama ngumi yake. Alipofungua mdomo, alisema kwa ukali, kama anayemtukana mtu mwingine.

"Nilifikiria. Nikaona nikitoa mkono akafa, watasema nimemwacha. Nilitaka waone nimemshika. Haya, umefurahi?"

Letisia hakufurahi. Alitamani kumpiga na alitamani kumkumbatia, maana mtu huyu ndiye aliyemfundisha kazi na kumpeleka mama yake hospitali mara mbili kwa gari lake mwenyewe.

"Ukisema sikuwa kazini," Niyonkuru akaendelea, "nitaingia ndani kwa kuua bila kukusudia, na nitasimama kizimbani niseme Letisia Nkwabi alijua. Na unajua kitakachotokea? Hakuna. Wewe ulikuwa kwenye kiti chako, saa zako za kazi. Mashine ya mahakama itaruka jina lako. Mimi nitafungwa, wewe utapanda cheo. Fikiria hilo unaponihukumu."

Akaondoka bila kufunga mlango.

Balozi Kyomuhendo, Katibu Mkuu, alimpokea akiwa amesimama dirishani, mguu mmoja ukiwa umepumzishwa juu ya kigoda. Goti lake la kushoto halikukunjika vizuri. Enzi za ukaguzi wake, kabla duara halijabuniwa, alifunga mfereji wa mkuu wa majeshi wa nchi moja ya ziwa, na wakamweka mahabusu hadi atakapokubali kuufungua. Hakukubali. Goti lilikuwa bei yake, na hakupenda watu walitazame.

"Mheshimiwa Balozi," Letisia alisema, "naomba uniondolee kinga yangu. Nami nishtakiwe pamoja na Dokta Niyonkuru."

"Keti."

"Nasimama, Mheshimiwa."

"Basi simama. Kinga si yako, Letisia. Umeazimwa, kama gari la ofisi. Huwezi kuitoa sadaka kwa sababu roho inakusuta. Naweza kuiondoa mimi, na siondoi."

"Mwanamke amekufa, Mheshimiwa."

"Nilikwenda kwenye mazishi. Nilitukanwa mbele ya watu nikanyamaza, kwa sababu walikuwa na haki ya kunitukana." Sauti ya Balozi haikupanda hata kidogo. "Nikuulize. Wakaguzi wetu wako wangapi majini asubuhi hii? Kila mmoja anaegemea neno moja tu, kazini. Leo ukisema Niyonkuru hakuwa kazini, kesho waziri fulani atamkamata mkaguzi aliyesimama kunywa chai barabarani, aseme naye hakuwa kazini. Watakuwa na mfano wa kusoma mahakamani. Mfano wako."

"Kwa hiyo niseme uongo."

"Uliupokea siku ile bila kulia. Leo umekuwa mtakatifu?"

Neno hilo lilimwingia Letisia hadi kwenye mfupa, kwa sababu lilikuwa la haki. Balozi aliona limeingia, na hakulirudisha.

"Jibu ni lako, sitaligusa," alisema. "Ukisema kazini, mtalala kwenu wote wawili. Ukisema hakuwa kazini, yeye atalala ndani na wewe utalala kwako. Hakuna njia ya tatu, na nakuomba usiitafute. Ninyi vijana mkitafuta njia ya tatu huwa mnabomoa nyumba."

Letisia alirudi ofisini kwa hatua nzito. Alimchukia Balozi kwa kuwa na hoja. Alimchukia Niyonkuru kwa ile ngumi yake, iliyookoa na kuua kwa wakati mmoja. Lakini chuki hizo hazikumpeleka mbali, kwa kuwa zote zilirudi kwenye lile "sawa" lake. Akilisema neno la kumfunika Niyonkuru, Mayu Holo atakaa nyuma ya mstari mpaka azikwe. Akilisema la kumfungua, mama yule atapewa nusu ya ukweli, na nusu nyingine itabaki hapa juu kilimani, ikipokea mshahara na kupaka wanja.

Akaketi, akawasha Msajili, mashine iliyounganishwa na mahakama, isiyorekebishika na yeyote.

"Afisa wa Kinga ametambuliwa," Msajili ikasema. "Kuhusu Evarist Niyonkuru, siku ya kifo cha Minza Sahani. Alikuwa kazini?"

Alimkumbuka akiendesha gari lake usiku wa mvua, mama yake akikohoa kiti cha nyuma. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Hakuwa kazini."

"Imepokelewa. Kuna mtumishi mwingine wa kutolewa jibu katika shauri hili?"

Hilo nalo lilikuwa swali la kawaida, na kawaida yake jibu lilikuwa hapana. Letisia alikuwa amelisikia mara nyingi mno kiasi cha kutolisikia tena. Safari hii kidole chake kilisimama juu ya kitufe cha kufunga. Kuondoa kinga hakuweza, Balozi alikuwa amesema kweli. Lakini kinga hufunika kazi. Na nani kwenye kilima hiki alikuwa na mamlaka ya mwisho ya kusema kazi ni ipi?

"Yupo," akasema. "Letisia Nkwabi."

Msajili haikushangaa, haikuumbwa kushangaa. "Taja tendo lake."

"Alipokea uongo huku akijua ni uongo. Angeweza kuzima duara, hakuzima."

"Alikuwa kazini?"

"Alikuwa kwenye kiti. Saa zilikuwa za kazi. Lakini Shirika halikumtuma alinde rafiki wakati mtu anavuja damu. Alikuwa akifanya shughuli zake mwenyewe." Akaisogelea mashine. "Hakuwa kazini."

"Imepokelewa. Majibu yote mawili yamefika mahakamani."

Chini ya mtulinga wake, lile joto dogo alilokwisha kulizoea hata asijue lipo likapoa. Simu ya mezani ikalia papo hapo. Ilikuwa sauti ya Balozi.

"Nilikuomba usitafute."

"Uliniomba, Mheshimiwa."

"Kuanzia leo kila afisa wangu atajiuliza kazi yake inaishia wapi."

"Pengine si vibaya."

"Ni vibaya sana, binti yangu. Hujawahi kulala mahabusu ya watu hawa." Balozi akapumua kwa uzito. "Toka kabla sijawaambia walinzi. Sitaki wakuguse."

Nje jua lilikuwa kali. Letisia alivuka lango, akaufikia mstari mwekundu, akaupita. Mayu Holo alianza tusi, akalikatisha katikati. Hakuwa na mashine ya kumwambia jambo lolote, lakini alikuwa ameutazama uso huu siku nyingi, na alijua mtu anayetembea juu ya ardhi yake mwenyewe na mtu anayetembea juu ya ardhi ya wengine. Akainuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akamjia.

"Mayu," Letisia alisema, "mimi ndiye niliyepokea simu. Nilijua anadanganya. Ningeweza kuifungulia ile droni njia, sikufanya. Nilimsikia Minza. Alisema wambebe tu kwa miguu, hospitali si mbali."

Mayu Holo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akampiga kofi ambalo lilimgeuza Letisia kichwa na kumjaza mdomo ladha ya damu. Hapakuwa na mlinzi wa Shirika aliyetoka langoni. Aliyekuja mbio ni yule konstebo kijana, tarakilishi yake ya mkononi ikipiga mlio.

"Mama, nimeona kwa macho yangu," alisema, na hakuonekana kufurahi kuona. Akamgeukia Letisia. "Dada, unataka kumshtaki?"

"Hapana, afande. Yaishe."

"Yaishe?" Mayu Holo alimsogelea tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. "Nani kakuomba uyamalize? Nimekwenda kituoni, wakaniambia hakuna njia. Nimekwenda mahakamani, mashine ikaniambia hakuna mshtakiwa. Nimekaa hapa juani namtafuta mtu mmoja wa kunifikisha mbele ya hakimu. Leo njia hii hapa, na wewe unataka kunifungia tena kwa huruma yako. Sikutaka huruma. Nishtaki. Hakimu ataniuliza nilikupigia nini, na mimi nitamjibu mpaka amalize kuandika."

Konstebo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akatazama tarakilishi yake iliyozidi kulia.

"Hata hivyo, dada," alisema kwa haya, "jina lako nalo limeingia hapa sasa hivi. Unatakiwa mahakamani. Wewe na daktari mmoja."

Shavu la Letisia lilikuwa likiwaka. Alijua akishtaki atamtia kizimbani mama aliyefiwa, na mji mzima utamtemea mate. Alijua pia kwamba ni jambo la kwanza ambalo mama huyu amewahi kumwomba.

"Andika, afande," akasema. "Amenipiga."

"Jina la mshtakiwa?"

"Holo Sahani," Mayu Holo akajibu kabla ya mtu mwingine, kwa sauti iliyofika hadi langoni. "Mama wa Minza. Andika na hilo."

Akawa wa kwanza kupanda gari la polisi lililoegeshwa kando ya barabara, akasogea ili kuacha nafasi kwenye benchi. Letisia akapanda akaketi kando yake.